Maswali na Majibu: Mwanahistoria kati ya mimbari, jukwaa na faili la serikali

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu wanahistoria wanaochunguza dini, siasa na utamaduni pendwa kwa pamoja imeleta barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Zilizotaka tuwatafutie watu ufadhili tumeziweka kando. Mbili zilizotulaumu kwa kuweka muziki na ibada katika ukurasa mmoja tunadhani zitapata majibu yao humu humu.

SWALI: Shikamooni wahariri. Namaliza shahada ya kwanza ya historia, na nataka kubobea katika "dini na siasa kwenye muziki". Njia ikoje, na itanichukua miaka mingapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu ya miaka ni rahisi. Uzamili ni mwaka 1 au 2. Uzamivu katika vyuo vya Uingereza ni miaka 3 hadi 4, nawe unaandika tasnifu ya maneno kama 80,000 hadi 100,000. Marekani huchukua miaka 5 hadi 7, na wengi hupitiliza, kwa sababu miaka ya mwanzo inaishia kwenye madarasa na mitihani ya jumla kabla hujagusa utafiti wako. Baada ya hapo kuna mikataba ya muda ya mwaka 1 hadi 3. Ukipata nafasi yenye njia ya kuthibitishwa katika chuo cha Marekani, utapimwa kwa takriban miaka 6 kabla ya kuamuliwa ubaki au uondoke. Nafasi ni chache kuliko wahitimu, na asikudanganye mtu. Jifunze mapema kazi ya pili inayotumia ujuzi ule ule: utunzaji wa nyaraka, uhariri, utayarishaji wa vipindi vya redio.

Kigumu ni hicho ulichokifungia kwenye alama za kunukuu. "Dini na siasa kwenye muziki" ni jina la rafu ya maktaba. Swali la utafiti bado hujalipata. Swali linalofanyika lina kitu kinachoshikika, lina mahali, lina miaka, na lina jambo lililogombewa. Mfano: nani alilipia kurudufu kanda za mahubiri katika mji fulani kati ya 1975 na 1985, zilipita mikononi mwa nani, na serikali ilikamata zipi? Kila kitenzi humo kinakuonyesha mlango wa kubisha. Aliyelipia yumo kwenye vitabu vya hesabu vya kanisa au msikiti, aliyesambaza unaweza kumhoji, aliyekamata yumo kwenye mafaili ya polisi.

Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, ziandikie hifadhi za nyaraka unazozitegemea, omba orodha ya yaliyomo, kisha hesabu maboksi. Anayesoma kwa makini humaliza boksi 2 au 3 kwa siku. Kwa hiyo maboksi 120 ni siku 40 hadi 60 za kazi, bila kuhesabu sikukuu na siku ambazo faili uliloliomba liko mezani kwa mtu mwingine. Hesabu ikizidi fedha na muda ulio nao, punguza miaka unayochunguza, wala usipunguze umakini. Mapendekezo mengi hufia hapa: mtu anaahidi nusu karne na nchi tatu, kisha anarudi na maelfu ya picha za kurasa ambazo hatazisoma kamwe.

Na usisahau lugha. Ikiwa vyanzo vyako viko katika lugha usiyoisoma, au katika mwandiko wa mkono usiouzoea, tenga angalau mwaka mmoja. Anza sasa, kabla ya kujiandikisha.

SWALI: Msimamizi wangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka, sembuse tatu. Kwa nini ninyi mnasisitiza dini, siasa na burudani kwa pamoja?

JIBU: Msimamizi wako ana hoja, ikiwa unayashika kama mada tatu. Yashike kama mafaili matatu ya kitu kimoja.

Tarehe 4 Machi 1966 gazeti la Evening Standard la London lilichapa mahojiano ambamo John Lennon, mwimbaji wa kundi la Kiingereza la The Beatles, alisema kwamba kundi lao wakati huo lilikuwa mashuhuri kuliko Yesu. Uingereza haikutikisika. Mwishoni mwa Julai jarida la vijana la Marekani, Datebook, likayachapa upya mahojiano hayo, na hapo moto ukawaka. Vituo vya redio, hasa vya kusini, vikapiga marufuku nyimbo zao, santuri zikachomwa hadharani, na tarehe 11 Agosti Lennon akawa Chicago akijieleza mbele ya waandishi wa habari.

Anayechunguza dini peke yake ataandika habari za kufuru. Anayechunguza muziki ataandika mauzo. Swali lenye uzito linabaki katikati: kwa nini maneno yale yale yalilala karibu miezi mitano upande mmoja wa bahari, yakalipuka upande wa pili? Maneno yenyewe hayawezi kulijibu. Lichukue jarida lenyewe, uone jalada lake. Yupo Paul McCartney, mwenzake Lennon katika kundi, na maneno yake makali ya kulaani namna Marekani inavyowatendea watu weusi. Hasira iliyoandikwa kwenye vitabu ilikwenda kwa Lennon na Yesu. Aliyeshika jarida zima mkononi, badala ya nukuu iliyokwisha kunukuliwa mara mia, anaona imani na siasa za rangi zikiwa katika toleo moja, na anaanza kuuliza vituo hivyo vya redio vilikuwa vya nani, vilitegemea matangazo ya nani, na wasikilizaji wao waliandika nini kwenye barua.

Ndiyo maana kila kitu unachokichunguza kifungulie mafaili matatu: la aliyekitengeneza na aliyekilipia, la aliyekiruhusu au kukizuia, na la waliokipokea na walichokifanya nacho. Baada ya miezi kama sita, faili moja likiwa bado tupu, badilisha kitu unachokichunguza. Kujaza pengo kwa nadharia ni rahisi, na wahakiki hulitambua ukurasa wa kwanza.

SWALI: Bwana asifiwe. Katika makaratasi ya kanisa letu lipo bango la mkutano wa injili. Limeandikwa "Jumapili 14 Juni", jina la mhubiri mgeni na anwani yake ya Marekani, kwaya zitakazoimba, na jina la mchapaji. Mwaka haupo. Tutaujuaje?

JIBU: Amina, Mchungaji. Anza na kalenda. Kati ya 1950 na 1985, tarehe 14 Juni iliangukia Jumapili mwaka 1953, 1959, 1964, 1970 na 1981 tu. Miaka 36 imeshakuwa mitano kabla hujainuka kitini.

Sasa soma anwani ya mgeni. Msimbo wa posta wa tarakimu tano, ule wa ZIP, ulianza Marekani tarehe 1 Julai 1963. Kama upo, 1953 na 1959 zinaondoka. Kama badala yake kuna namba ndogo baada ya jina la mji, kwa mfano "Chicago 5, Illinois", huo ni utaratibu wa kanda za posta ulioanza 1943, na unakuvuta nyuma. Unavuta tu, haukuthibitishii, kwa maana watu waliendelea kutumia karatasi zenye anwani za zamani hadi ziishe.

Kisha kodoa macho pembeni chini kabisa. Wachapaji wengi waliweka alama ndogo mno ya kazi, mfano "2M-5-64", yaani nakala 2,000, zilizochapwa Mei 1964. Mabango mengi yametunzwa miaka na miaka kwa mwaka "usiojulikana" huku mwaka ukiwa pale umefunikwa na fremu. Ukiikosa alama hiyo, pitisha vidole nyuma ya karatasi: herufi zikiwa zimebonyea ni uchapaji wa herufi za risasi, karatasi ikiwa laini kabisa huenda ni ofseti, uchapaji usiobonyeza karatasi. Wachapaji wadogo walihamia ofseti polepole, kila mmoja kwa wakati wake, hivyo dalili hiyo itumie kwa kuongezea tu.

Miaka iliyobaki ithibitishe kwenye magazeti. Soma matoleo ya wiki nne kabla ya tarehe hiyo na wiki moja baada yake, kwa kila mwaka uliobaki. Usitazame habari peke yake, tazama matangazo madogo: mkutano mkubwa hukodi uwanja, hutangaza mabasi, na mara nyingine huleta ugomvi na waandaaji wa dansi waliotaka uwanja huo huo siku hiyo.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuiamini kalenda peke yake; wachapaji walikosea siku za wiki, kwa hiyo tafuta ushahidi wa aina mbili usiotegemeana. La pili ni kumtambua mhubiri kwa picha yake, maana picha ya bango ilitumika mwaka baada ya mwaka. Kwa mabango yenye tarehe ya Hijria ongeza tahadhari: ubadilishaji wa tarehe unaweza kukosea kwa siku moja kutokana na mwandamo wa mwezi, hivyo siku ya wiki ndiyo iamue.

Mkishapata, andikeni "takriban 1964" pamoja na sababu, kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli. Msilipake plastiki wala msiliunganishe kwa gundi ya utepe.

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Naweza kutumia filamu kufundisha ile kesi ya Marekani ya mwaka 1925 kuhusu kufundisha mageuko ya viumbe?

JIBU: Mwalimu, unaweza, ukiamua kwanza filamu hiyo ni chanzo cha nini. Filamu ya 1960, Inherit the Wind, iliyotokana na mchezo wa kuigiza wa 1955, ni ushahidi mzuri sana wa Marekani ya miaka ya 1950 na hofu yake ya kuwindwa kwa watu kwa sababu ya fikra zao. Kwa mwaka 1925 ni ushahidi dhaifu.

Kesi ya mwalimu John Scopes ilisikilizwa Dayton, Tennessee, kuanzia tarehe 10 hadi 21 Julai 1925. Kwenye mchezo mwalimu anawekwa rumande na mji unamtishia. Kwa kweli wakubwa wa mji walikaa wakapanga kesi hiyo, baada ya shirika la kutetea uhuru wa raia kutangaza kwamba litamtetea mwalimu atakayejitokeza. Walitaka mji wao ujulikane, na Scopes hakufungwa. Kituo cha redio cha WGN kilitangaza kesi hiyo moja kwa moja kutoka Dayton. Kwenye mchezo mwendesha mashtaka anaanguka mahakamani. Mwendesha mashtaka wa kweli, William Jennings Bryan, alifariki usingizini siku tano baada ya kesi kwisha. Faini ya dola 100 aliyotozwa Scopes ilifutwa 1927 kwa sababu iliamuliwa na jaji badala ya baraza la wazee wa mahakama.

Darasani gawa ubao safu mbili. Safu ya kwanza ni tukio la filamu, ya pili ni kumbukumbu ya mahakama ya tarehe 20 Julai, siku Clarence Darrow, wakili wa Scopes, alipomhoji Bryan nje kwenye nyasi. Dakika 10 za filamu zinatosha. Ukionyesha filamu nzima, wanafunzi watakumbuka filamu na kusahau safu ya pili.

SWALI: Assalaam aleikum. Mtu mwenye imani anaweza kuandika historia ya dini bila kupendelea? Na asiye na imani ataielewa vipi?

JIBU: Wa aleikum salaam. Wote wawili wanaweza, na wote wawili wana mtego wao. Anayeamini huruka hatua kwa sababu jambo ni wazi kwake. Asiyeamini huruka hatua ile ile kwa sababu analiona upuuzi. Dawa iko kwenye sentensi unazoandika. Acha "aliponywa", acha na "alidanganywa". Andika nani alisema ameponywa, siku gani, mbele ya nani, nani aliyenakili na baada ya muda gani, na huyo mtu aliishi vipi baadaye.

Tazama Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vikaenea bila yeye. Katika karatasi za Wajerumani yeye ni mchawi aliyewapumbaza watu, na mtafiti anayezifuata bila kuuliza anaishia kuandika kama afisa wa boma. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee vijijini, na kutokana na kazi hiyo maji yakaonekana kuwa kiini cha umoja wa watu wa makabila mengi. Watafiti wa baadaye wakauliza swali la haki kabisa: umoja huo ulikuwa wa 1905, au ni taifa changa lilikuwa linajitafutia babu? Hesabu umri: aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 alipohojiwa. Mwaka 1969 ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, na tangu hapo kwa wasomaji wengi Kinjikitile ana sauti ya jukwaani.

Hayo ni matabaka matatu, na kila moja linasema kweli kuhusu wakati wake. Kazi yako ni kuyaweka mbalimbali, kisha urudi kwenye maswali madogo: maji yalichotwa wapi, yaligawiwa na nani, yalifuata njia zipi, wapi yalikataliwa. Maswali hayo anayaweza muumini na asiye muumini. Ukiyaruka ili ufike haraka kwenye "maana", imani yako, iwe ipi, ndiyo itakayoandika kitabu.

SWALI: Nimepewa siku 10 kwenye hifadhi ya nyaraka za shirika moja la kimisionari. Zisinipotee nifanye nini?

JIBU: Andika wiki 6 kabla, ukitaja namba za mikusanyo unayoitaka, na uulize ipi imefungwa na ipi inatunzwa jengo jingine. Mafaili ya serikali yana kanuni inayojulikana. Uingereza kwa mfano imeshuka kutoka miaka 30 hadi 20. Taasisi za dini hujiamulia zenyewe: nyaraka za upapa wa Pius XII, aliyekuwa papa kuanzia 1939 hadi 1958, Vatikani ilizifungua tarehe 2 Machi 2020.

Ndani unaingia na penseli, kompyuta na kamera isiyo na mwako. Glavu ni za picha na negativu. Karatasi hushikwa kwa mikono safi mikavu, kwa sababu glavu hupoteza hisia za vidole na kurasa huchanika. Picha ya kwanza ni ya lebo ya boksi, ya pili ni ya jalada la faili, ndipo kurasa zifuate, pamoja na migongo yenye mihuri na maandishi ya pembeni. Asiyefanya hivi ana picha nzuri asizoweza kuzitolea tanbihi. Kila jioni tumia saa moja kuandika kwa maneno yako kilichomo katika kila faili, na weka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, 1 ikiwa mbali na unapolala.

Usianze na ripoti za mwaka. Ziliandikwa ziwafurahishe wafadhili. Anza na daftari la hesabu, mihtasari ya vikao na barua za malalamiko. Mstari mmoja kwenye daftari, "santuri na sindano za gramafoni", unakupeleka kwenye kikao walichobishania kama muziki uchezwe siku ya Bwana, na kikao kinakupeleka kwa mwalimu aliyeandika kulalamika. Siku 2 za mwisho ziache wazi. Jambo lililokuleta mara nyingi huonekana siku ya 8.

SWALI: Mhadhiri wetu anakata kwa wino mwekundu kila nikiandika kwamba filamu au wimbo "uliathiri" siasa. Nithibitishe vipi?

JIBU: Anakusaidia. Mfuatano wa matukio si ushahidi wa sababu, hata ukiwa mtamu. Tamthilia ya televisheni ya Ramayan, inayosimulia kisa cha Rama, mungu wa Wahindu, ilirushwa India na Doordarshan, televisheni ya serikali, Jumapili asubuhi kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988. Septemba 1990 L. K. Advani wa BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, akaanza safari kutoka Somnath kuelekea Ayodhya, mji ambako Wahindu wengi wanaamini Rama alizaliwa, ndani ya gari lililopambwa kama gari la vita la kale. Tarehe 6 Desemba 1992 Msikiti wa Babri, uliokuwa Ayodhya, ukabomolewa. Ukiyapanga hivyo, televisheni inaonekana ndiyo iliyobomoa.

Sasa ongeza yanayokukwaza. Kampeni ya kutaka hekalu la Rama pale penye msikiti wa Ayodhya ilishaanza 1984, na kufuli la mahali pale lilifunguliwa Februari 1986, kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Waliokuwa madarakani wakati kinarushwa walikuwa Congress, wapinzani wa BJP. Kwa hiyo tamthilia haikuanzisha harakati. Upande wa pili kuna kiungo kinachoshikika: Deepika Chikhalia aliyeigiza Sita, mke wa Rama, na Arvind Trivedi aliyeigiza Ravana, adui yake Rama, wote waliingia bungeni kwa tiketi ya BJP mwaka 1991. Hapo kuna chama kilichochukua sura za kwenye skrini kwa makusudi, na hilo linathibitishwa kwa mabango, hotuba na matokeo ya majimbo.

Dai lako lipungue hadi lilingane na ushahidi: tamthilia iliipa harakati iliyokwisha kuanza sura ambazo watu walikuwa tayari wanazijua. Mwulize mhadhiri kama hilo atalikata. Na unapotaja idadi ya watazamaji au nakala, sema imetoka kwa nani. Mwenye gazeti huhesabu wasomaji ili auze matangazo, polisi huwahesabu wale wale kwa sababu nyingine kabisa.

SWALI: Marehemu baba ameacha kanda zaidi ya mia za mawaidha, nyingine hazina maandishi. Nizicheze nijue zina nini?

JIBU: Poleni na msiba. Usizicheze bado. Piga picha zilivyopangwa, zipe namba, kisha vunja vile vijilimi viwili vya plastiki ukingoni ili kinasa kisifute kitu. Yenye unga mweupe au madoa ya ukungu itenge kwenye mfuko wake. Ukiicheza unachafua kichwa cha mashine na kuambukiza zinazofuata. Kisponji cha katikati kikiwa kimebanduka, utepe huhamishiwa kwenye ganda jipya. Maganda ya skrubu hufunguka vizuri, yaliyogandishwa hupasuka.

Nakili kwa faili la WAV la biti 24, kilohezi 48 au 96, bila kusafisha sauti. Mvumo uache kwenye nakala kuu, usafishe kwenye nakala ya kusikiliza. Hakuna njia ya mkato: kanda ya C60 inataka saa 1, ya C90 saa 1 na nusu, na kichwa cha mashine kifutwe kwa alkoholi kila baada ya kanda chache.

Mvumo nao ni ushahidi. Kila nakala ya nakala inauongeza, hivyo kanda yenye mvumo mzito imepita mikono mingi kabla ya kumfikia mzee. Mwaka 1978 hotuba za Ayatollah Khomeini zilisafiri hivyo: kutoka Neauphle-le-Château karibu na Paris zilipita kwenye simu hadi Iran, zikanaswa, zikarudufiwa na watu majumbani. Mzunguko wa aina hiyo hauna kampuni wala daftari la mauzo. Lebo iliyoandikwa kwa mkono, jina la duka, sauti ya anayekaribisha wageni mwanzoni, hivyo ndivyo vilivyobaki. Sikiliza hadi mwisho kabisa wa kila upande. Mawaidha yakikatika, mara nyingi chini yake utasikia muziki wa dansi uliokuwemo kabla, na hapo unajua mwenye kanda alisikiliza nini kabla ya kuanza kurekodi mawaidha.

SWALI: Nataka kunukuu beti za nyimbo kwenye kitabu. Niombe ruhusa?

JIBU: Omba, na anza miezi 6 hadi 12 kabla ya kukabidhi mswada. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Wewe unanukuu utunzi. Mkataba wa Berne unalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na katika Umoja wa Ulaya ni 70. Ukongwe wa santuri haukusaidii kitu: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950, lakini mtunzi wa maneno ya wimbo fulani anaweza kuwa mwenzake wa kundi aliyeishi zaidi. Wachapishaji wa muziki hudai malipo hata kwa mistari miwili. Eleza wimbo kwa maneno yako, nukuu maneno machache yanayobeba hoja, na beba gharama pale tu ambapo hoja haisimami bila ubeti.

SWALI: Nimetetea tasnifu. Nitaigeuzaje kitabu?

JIBU: Ondoa sura ya mapitio ya maandiko, yanayofaa humo yahamie kwenye tanbihi. Punguza maneno 100,000 hadi 80,000 au 90,000. Mpelekee mhariri mmoja pendekezo la kurasa kama 8 hadi 10 pamoja na sura moja, ile yenye kitu kinachoshikika, si utangulizi. Wahakiki kwa kawaida ni wawili na huchukua miezi 3 hadi 6. Mmoja akiwa mtu wa dini na mwingine wa muziki, watakutaka mambo yanayopingana; mjibu kila mmoja kwa maandishi, hoja kwa hoja, ukisema utakachobadilisha na usichobadilisha. Kutoka mkataba hadi kitabu hesabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Faharasa mara nyingi utaitengeneza mwenyewe, au utamlipa mtu, ndani ya wiki 2 hadi 4 kurasa zikishapangwa. Ingiza majina ya bendi, nyimbo, madhehebu, vituo vya redio na wachapaji, hata wale waliotajwa mara moja, kwa sababu mtafiti atakayekuja ataanza kwa kumtafuta mchapaji.